Ng'ombe wa Kuwekewa

Walipokuja kumfilisi, Dorkasi aliwachemshia chai. Hakuwa anajipendekeza, wala hakuwa na akili ya kutafuta huruma. Ilikuwa saa nne asubuhi, wageni wamefika, na mikono yake ilijua kazi yake hata pale kichwa kilipogoma. Wanawake sita wa kikundi cha mikopo cha Endabash walikaa kwenye makochi waliyokuja kuyachukua, wakanywa chai kwenye vikombe walivyokuja kuvichukua, na walipomaliza mmoja wao alivisuuza vizuri, akavifuta, ndipo akavifunga kwenye khanga. Nje kirikuu cha kukodi kilikuwa kinasubiri, dereva wake amelalia usukani.

Hakuna aliyekuwa na uso wa kumtazama. Hawa hawakuwa watu baki. Cresensia aliimba naye kwaya tangu wakiwa wasichana. Hanifa, mweka hazina wa kikundi, mwenye duka la vitenge pale senta, ndiye aliyeleta mchele na sukari siku Dorkasi alipofiwa na mumewe, Inosenti. Akalala naye sakafuni mpaka matanga yakaisha, yeye Mwislamu kutoka Kondoa katikati ya wanawake wa rozari, na hakuna aliyeona ajabu. Leo wote walikuwa wanaangalia sakafu, au picha ya Inosenti ukutani, ambayo bila shaka haikuwa na bei.

Mikopo hii watu wanaijua. Kampuni haikudai wewe peke yako, inawadai na wenzako mliodhaminiana. Ukishindwa rejesho la wiki, wenzako wanachanga. Ukishindwa tena, wanachanga tena, safari hii wamekunja uso. Wakichoka, wanakuja wenyewe kubeba vitu vyako, maana afisa mikopo hana haja ya kuchafua shati lake jeupe wakati kuna wanawake wenye nguvu wanaokujua hadi chumbani. Watu wameipa jina la kausha damu, na bado wanapanga foleni kuikopa.

Dorkasi alikopa kwa ajili ya ngwara, yale maharage meusi yanayolimwa huku na kuliwa Kenya. Mwaka wa kwanza aliuza vizuri mpaka akapaka nyumba rangi. Mwaka uliofuata akakodi mashamba ya watu kwa hela ya mkopo, akajaza magunia mpaka yakafika kwenye dari, na wanunuzi waliokuja walikuja na bei ya kutukana. Akaenda Karatu mjini kukopa kwa kampuni nyingine ili alipe ya kwanza. Akakopa kwenye simu ili alipe ya pili. Ukimwuliza siku gani hasa aliharibikiwa, hawezi kukwambia, kwa sababu kila mkopo, siku alipouchukua, ulimpa usingizi mzuri.

Wale wa simu ndio waliommaliza. Walipoona halipi, waliwatumia ujumbe watu wote ambao namba zao zilikuwa kwenye simu yake: katekista, fundi cherehani, mwenye bucha, mwalimu wa mwanawe Leonce huko bweni. Ujumbe ulikuwa na picha yake na neno tapeli kwa herufi kubwa. Siku ile Dorkasi aliusoma ujumbe mwenyewe, maana na namba yake mwenyewe alikuwa ameihifadhi humo, akaingia ndani, akakaa. Tangu hapo alikuwa anasalimiwa anaitika, anakula anashiba, lakini alikuwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hata hofu ilikuwa imemtoka, na ilipotoka ilibeba na mengine.

Kwa hiyo asubuhi ile aliwasaidia. Meza kubwa ilipokwama mlangoni, alisema, "Ilazeni ubavu, miguu itangulie. Ndivyo ilivyoingia." Wakailaza, ikatoka. Kabati la vyombo alilishika mwenyewe upande mmoja. Mmoja wa wanawake alipoanza kukunja godoro, Hanifa alimkemea kwa jicho, na godoro likabaki. Cresensia alikuwa anafuta machozi kwa bega huku amekumbatia televisheni.

Vitu vilipojaa kwenye kirikuu, walisimama uani wakapiga hesabu kwa kunong'ona, na hesabu haikuwapa raha. Dorkasi aliwasikia. Makochi yalikuwa ya zamani, televisheni ina mstari katikati, na nani siku hizi ananunua kabati? Hawakufika hata nusu ya deni, na hela iliyobaki ingetoka mifukoni mwao, kwenye ada za watoto wao. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakageuza macho kuelekea zizini.

Alikuwepo ng'ombe mmoja, chotara wa kahawia mwenye doa jeupe tumboni, ana mimba ya miezi mitano na bado anakamuliwa. Kijiji kizima kilimjua. Maziwa yake ndiyo waliyonywea chai muda mfupi uliopita. Na tuseme ukweli, ng'ombe huyo ndiye aliyewafanya wakubali kumdhamini Dorkasi toka mwanzo, maana mjane mwenye ng'ombe wa maziwa hahami usiku.

Shida ni kwamba ng'ombe hakuwa wake.

Wairaqw, wenyeji wa huku, wana desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wanne hawafungi wote kwake. Mmoja anampeleka kwa rafiki Endamarariek, mwingine kwa shemeji Endabash, ili ugonjwa ukipita usimkombe wote, na ili majirani wasijue amejaliwa kiasi gani. Anayewekewa anapata maziwa na mbolea. Ndama ni wa mwenyewe. Hakuna karatasi wala mwenyekiti wa kijiji, na jambo la kwanza kabisa ni kwamba husemi. Ukisimama mbele za watu ukatangaza kwamba ng'ombe aliye zizini kwako ni wa fulani, umemvua fulani nguo. Watu wakikusifu kwa ng'ombe wako, unaitikia tu, na kila mwenye adabu anajua kwamba haulizi.

Ng'ombe huyu alikuwa wa Ayo Lusia wa Endamarariek, ayo maana yake mama kwa Kiiraqw. Mume wake ndiye aliyemweka kwa Inosenti, na wanaume wote wawili sasa walikuwa wamelala makaburini. Siku Inosenti alipozikwa, Dorkasi alimvuta Lusia pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mali yake ipo, akitaka amchukue, maana pale sasa hakuna mwanamume. Lusia alimjibu, "Ameshazoea majani ya hapa." Basi. Tangu siku hiyo walizaliwa ndama wawili zizini kwa Dorkasi, na wote aliwapeleka kwa mwenyewe kwa miguu, na wote Lusia aliwauza mzee wake alipougua. Huyu mama yao ndiye aliyebaki. Bibi wa miaka sabini na kitu hakuwa na ng'ombe mwingine duniani.

Hanifa alisogea. "Mama Leonce," alisema, "utusamehe. Tutamchukua na ng'ombe."

Dorkasi alifungua mdomo. Maneno matatu tu yangetosha, na aliyajua. Akaisikia sauti yake ikisema, "Mkimkamua, kaeni kulia kwake. Kushoto anapiga teke."

"Sawa," Hanifa alisema. "Ahsante."

Walimpandisha ng'ombe kwenye kirikuu kingine walichokipigia simu, na Dorkasi akamshika mkia asiteleze. Hanifa alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alimkumbatia kwa nguvu, akamwambia kwamba ng'ombe atauzwa kwenye mnada wa Karatu keshokutwa, na kwamba deni la kikundi sasa limekwisha, mtu yeyote akija kudai kwa jina la kikundi amtume dukani kwake. Dorkasi alisikia bega la Hanifa kwenye shavu lake, na harufu ya udi wa dukani. Hakusikia kingine.

Jioni aliketi kwenye godoro. Ukutani kulikuwa na alama safi za rangi pale kabati lilipokuwa limesimama, rangi ya mwaka wa ngwara nzuri. Alipika ugali katika sufuria waliyomwachia, akala na chumvi. Ndipo wazo la Lusia lilipoanza kumjia, polepole, kama mtu anayepiga hodi huku hana haraka.

Aliliangalia vizuri. Akinyamaza mpaka keshokutwa, ng'ombe atapata mnunuzi, atapanda lori la Arusha, na jambo litakuwa limekwisha. Kikundi hakitamdai tena. Zitabaki kampuni ya mjini na watu wa simu, lakini hao hawako Endabash. Lusia hana miguu ya kuja Endabash kila wiki. Akija siku moja, ataambiwa ng'ombe alikufa. Ng'ombe wanakufa. Tena kuna utaratibu wake: wa kuwekewa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, akaiona kwa macho, mambo yakaisha bila lawama. Dorkasi alijikuta anawaza ni bucha gani Karatu inayoweza kuwa na ngozi ya kahawia yenye doa jeupe, na doa liwe kubwa kiasi gani bibi wa macho mabovu asilitilie shaka.

Aliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, kama anachagua kitenge. Alikuwa ameshafika kwenye bei ya ngozi ndipo alipojisikia anachofanya. Hakuona aibu. Alisubiri aibu ije, akaisubiri kwa muda, haikuja, na hilo ndilo lililomnyanyua. Kama aibu haitamzuia, atalazimika kujizuia kwa miguu. Asubuhi, jua lilipochomoza, alijifunga khanga, akafunga mlango wa nyumba ambayo haikuwa na kitu cha kuibwa, akashika njia ya Endamarariek.

Alitembea mpaka jua likawa kali. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akamtazama usoni, akakumbuka ujumbe, akaongeza mwendo.

Ayo Lusia alikuwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Alimkaribisha kwa Kiiraqw, akamwita binti yangu, akamsogezea kigoda na kumpa hindi na yeye apukuchue, maana hakuwa mtu wa kuangalia mikono ya mgeni imelala. Wakapukuchua. Kwa desturi mwenye ng'ombe haulizi habari za ng'ombe wake. Anasubiri aliyewekewa aseme. Lusia aliuliza habari za Leonce na shule, habari za mvua ya Endabash, habari za mguu wa katekista.

"Nilisomewa ujumbe wako," alisema baadaye.

"Ujumbe gani, Ayo?"

"Wa kwenye simu. Mkwe wangu alinisomea. Una picha yako, umevaa ile blauzi ya kijani." Lusia aliendelea kupukuchua. "Nikamwambia afute. Nikamwambia, huyo unayemwita tapeli aliniletea ndama kwa miguu kutoka Endabash, mvua inamnyeshea, amemfunika ndama khanga yeye amelowa. Futa hiyo takataka. Akafuta."

Dorkasi aliweka hindi chini. Alitamani maneno yale yamchome. Aliyasikia yote, aliyaelewa yote, yakapita.

"Ayo, ng'ombe wamemchukua."

Mikono ya Lusia ilisimama. "Nani?"

"Kikundi chetu cha mikopo. Nimeshindwa kuwalipa, wao na wale wa mjini. Wamechukua vitu vya ndani, wakamchukua na yeye. Nilikuwepo."

"Uliwaambia ni wangu?"

"Hapana."

"Walikupiga?"

"Hapana, Ayo."

"Walikuziba mdomo?"

"Hapana. Waliniomba msamaha."

Lusia alimgeukia sasa, akamtazama kwa yale macho yake mabovu, akiyafinya. "Sasa ilikuwaje?"

"Sijui," alisema Dorkasi, na hakuwa anadanganya. "Nilikuwa nawaelekeza namna ya kumkamua."

Jogoo alipita kati yao akadonoa punje. Lusia hakumfukuza. Kisha akauliza, "Mnada ni lini?"

"Kesho."

"Utalala hapa. Asubuhi tutapanda gari." Akachukua hindi lingine. Mchana ule wote hakusema tena neno la ng'ombe, na jioni alimpa Dorkasi ugali na mlenda na kumtandikia vizuri. Dorkasi alilala usingizi mmoja mpaka alipoamshwa.

Mnada wa Karatu ulikuwa umechangamka walipofika. Upande mmoja mitumba na mabeseni, upande wa pili moshi wa nyama choma, na kule nyuma vumbi la mifugo, ambako wanaume wenye fimbo na makoti marefu walikuwa wanabishana kwa vidole. Lusia alitembea polepole, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la Dorkasi. Walimwona Hanifa kabla hajawaona. Alikuwa amesimama na Cresensia, mtandio umejaa vumbi, na mbele yao mnunuzi mmoja wa Makuyuni ameinama anapapasa tumbo la ng'ombe. Dalali alikuwa tayari ameshanyoosha kiganja apigwe, maana mkono ukishapigwa, biashara imekwisha.

Dorkasi aliutoa mkono wa Lusia begani, akapita katikati ya watu.

"Hanifa," alisema. "Huyu ng'ombe si wangu."

Hanifa aligeuka. Alitabasamu kwanza, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. "Unasemaje, Mama Leonce?"

"Si wangu. Ni wa Ayo Lusia, huyu hapa. Nimewekewa. Tangu Inosenti yuko hai."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, na bado watu waliokuwa karibu wakanyamaza, kwa sababu wenyeji walijua kwamba neno hilo halisemwi mnadani. Mzee mmoja mwenye koti aligeuza uso, kwa adabu. Mnunuzi wa Makuyuni alijifuta mkono kwenye suruali akaenda kutazama ng'ombe wengine. Hakuna mfanyabiashara anayetaka mnyama mwenye kesi.

"Juzi mdomo ulikuwa umeuazima?" Cresensia alifoka. "Umetupa chai, umetushikia mkia, leo ndiyo unakumbuka?"

"Na mimi nitajuaje?" Hanifa alisema, na sasa tabasamu lilikuwa limekwisha. "Leo wewe, kesho kila mtu ataleta bibi yake mnadani aseme ng'ombe ni wa bibi. Karatasi iko wapi?"

Lusia alikuwa amefika, anahema. Hakumjibu Hanifa. Alimsemesha Cresensia, kwa Kiiraqw, maneno machache kuhusu alama ya ukoo wake. Cresensia alimfuata ng'ombe, akalishika sikio la kushoto, akalikunjua. Lilikuwa na mapengo mawili madogo yaliyokatwa zamani. Ukoo wa Inosenti hukata sikio la kulia, tena pengo moja. Cresensia alijua hilo tangu akiwa mtoto. Aliliachia sikio.

"Ni wake," alimwambia Hanifa, na hasira yake ikapoteza pa kushika. "Na mimi nilitakiwa kuangalia. Niliona ng'ombe nikaona pesa. Huku kwetu hatuulizi, Hanifa. Hata mama yangu alikuwa nao kwa watu, hatukujua mpaka alipokufa."

Hanifa aliyapanga mambo kichwani, maana ndiyo kazi yake. "Kwa hiyo," alisema mwishoni, "tulikudhamini kwa mali ya mtu."

"Ndiyo," alisema Dorkasi.

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Na deni limerudi."

"Limerudi. Chukueni shamba. La urithi, lile la bondeni. Limeni misimu mitatu, mvune wenyewe."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitafanya kibarua."

"Wapi?"

"Hata humo humo shambani, mkinichukua."

Alisema hivyo kama anayetaja bei ya nyanya. Hanifa alimtazama, akataka kumgombeza, akanyoosha mkono. Wakapeana mikono juu ya shamba pale pale kwenye kinyesi cha ng'ombe, Cresensia akiwa shahidi. Kwa mambo ya dunia, huo ndio wakati Dorkasi alipoishiwa kabisa. Nyumba tupu, shamba limekwenda, jina liko kwenye simu za watu. Na hata hapo moyo wake ulikuwa umetulia tuli.

Ilibaki kamba. Dalali alikuwa ameifungua ili ng'ombe asogee, na kwa mazoea tu Dorkasi akaipokea. Ng'ombe alimjua. Alisogeza kichwa akamsugua kiunoni, kama anavyofanya kila asubuhi akitaka pumba, akamwachia mate kwenye khanga. Dorkasi aliweka kiganja kati ya pembe zake. Na hapo, bila kutarajia, alijisikia anataka kitu. Zilikuwa zimepita wiki nyingi hajataka kitu chochote. Alitaka Lusia aseme, mrudishe nyumbani. Alilitaka neno hilo mpaka akamtangulia kusema.

"Tutapata kirikuu cha kwenda Endabash," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, hata yeye aliisikia. "Au nitamswaga tu polepole. Kwa mimba yake asichoke, tutalala njiani kwa dada."

Lusia alikuja akashika kamba, mbele kidogo ya pale mkono wa Dorkasi ulipokuwa. Hakuivuta.

"Binti yangu," alisema. "Sikukasirikii."

"Ayo, majani yapo. Nimeshakata ya wiki nzima, yako juu ya dari."

"Najua."

"Shamba limechukuliwa lakini mtoni nitakata. Hatakosa. Hajawahi kukosa kwangu."

"Hajawahi," Lusia alikubali. "Ungemtunza kuliko mwenyewe. Wala hujaniibia, ungetaka kuniibia usingekuja. Ila siku ile kilichotakiwa ni neno moja tu, na hukulisema. Kesho watakuja wengine, wale wa mjini. Mimi ni mzee. Sina ng'ombe mwingine."

Lusia alisubiri, kwa heshima, mpaka vidole vya Dorkasi vilipofunguka vyenyewe. Kisha akamwita Josephati, jirani yake wa Endamarariek aliyekuwa amekuja kuuza mbuzi, mtu mkimya mwenye kofia ya sufu, akamkabidhi kamba bila maelezo, kama ilivyo desturi. Josephati naye hakuuliza. Alimgeuza ng'ombe, akampiga kofi dogo mgongoni, na wakaanza kuondoka, bibi akifuata nyuma na fimbo yake. Ng'ombe aligeuka mara moja kutazama kwa nini Dorkasi haji. Akavutwa.

Makochi yalipotoka mlangoni hakulia. Hakulia kwa ujumbe wa simu, wala kwa shamba lililolimwa na baba yake Inosenti kwa jembe la mkono. Sasa alimtazama ng'ombe mpaka akapotelea vumbini. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la mnada, miguu mbele kama mtoto, akalia kwa sauti. Alilia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, bila kujali nani anamtazama, na watu walimtazama. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wa kuwekewa alikuwa mtu, kuna aliyemwamini. Hakuna atakayemwekea tena, Endabash nzima na Endamarariek nzima, na ilimuuma. Ilimuuma kila mahali.

Vijana wawili wa mishkaki walisogea na simu zao. Mmoja alikuwa anamfananisha na picha.

Hanifa alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki nayo yote. Lakini alikuja akasimama mbele ya Dorkasi, akawapa vijana mgongo, akautandaza mtandio wake kwa mikono miwili mpaka ukawa pazia. Mikono ilipochoka, Cresensia alishika upande mmoja. Hawakumbembeleza, hawakumwambia anyamaze. Walisimama hivyo mpaka kilio kikapungua, ndipo Hanifa akamwambia kwamba Jumatatu ni zamu ya kupalilia shamba la bondeni, aje na jembe lake, na asichelewe.